Herufi za Vipande na Kisu cha Jikoni

4 Februari

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umeacha kukusumbua, na kwamba paa la jikoni limezibwa kabla mvua hazijarudi. Mimi ni mzima. Baba alinipigia simu Jumapili. Anasema amekushauri tena ununue simu, nawe ukamjibu kwamba mtu mwenye jambo la maana hulikalia chini akaliandika. Basi nimekaa chini!

Kazi yangu ni ile ile, katika karakana ya mabango. Juzi nilichora bango la duka la viatu, na mwenye duka amelikataa mara mbili. Kusema kweli, kiatu changu kinafanana na samaki.

Sasa jambo lenyewe. Kuna kampuni ya vitabu vya shule inayotafuta herufi mpya kwa ajili ya vitabu vya darasa la kwanza. Imewaalika wachoraji wapeleke kazi zao mwezi wa Agosti, nami nimekubaliwa kuwa mmoja wao! Herufi nilizobuni zinajengwa kwa vipande vitatu tu: kijiti kirefu, kijiti kifupi na upinde. Ukikiegemezea kijiti kirefu upinde mmoja, umepata b. Pinde mbili zikitazamana ni o. Alfabeti nzima inatoka humo.

Unalikumbuka sanduku la herufi za mbao ulilonifundishia kusoma pale mezani kwako? Lilitengenezwa mbali, kwa lugha ya watu wengine. Lilikuwa na a mbili tu, ilhali x zilikuwa tele, tukazigeuza vigoda vya wanasesere. Kila neno letu lilikwama njiani. Kusema kweli, wazo langu lilianzia kwenye sanduku lile. Kwangu a haziishi, maana unabomoa herufi usiyoihitaji ukajenga unayoitaka.

Waamuzi wanataka kila mchoraji alete maoni ya mwalimu aliyefundisha watoto kusoma. Ukurasa mmoja unatosha. Sijamfikiria mwingine ila wewe. Michoro imo ndani ya bahasha hii. Nisomee, Shangazi, kisha uniambie kama mtoto wa miaka sita ataziweza!

Mwanao,
Chiriku


11 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema. Aliyechelewa ni mimi, si posta. Mguu umepona. Paa limezibwa, lakini fundi aliyeliziba amesahau nyundo yake juu, na kila upepo ukivuma naisikia ikijiviringisha kama mgeni aliyekosa godoro. Jirani yangu, yule fundi cherehani, anakusalimu. Anashona sare za shule, kwa hiyo mtaa mzima unaamka cherehani yake inapoamka.

Nimefurahi kwamba umekubaliwa kushindana. Kuhusu bango, aliyeagiza kiatu ana haki ya kupata kiatu.

Barua yako ina alama tatu za mshangao, na hakuna hata moja iliyotanguliwa na jambo la kushangaza. Tena umeandika "kusema kweli" mara mbili katika ukurasa mmoja, kana kwamba kwingineko ulikuwa unatudanganya. Nilikufundisha vizuri zaidi ya hapo.

Michoro nimeipokea. Nitaitazama mwanga utakapokuwa mzuri. Siku hizi kumetanda mawingu, na taa ya sebuleni hainiridhishi. Siku hizi hata taa zinatengenezwa kwa uvivu. Wino uliotumia nao ni mwembamba mno.

Usinikumbushe. Mimi sisahau.

Shangazi yako


2 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru kwa masahihisho. Nimezifungia alama za mshangao kabatini, na ufunguo nimempa seremala.

Yeye ndiye habari yangu kubwa safari hii. Waamuzi wametutaka tulete kitu cha kushika mkononi, si karatasi za kubandika ukutani, kwa hiyo nimeamua herufi zangu ziwe mchezo. Seremala wa hapa karakanani ananikatia vigae vya mbao vya mraba, kila kimoja kikubwa kama kiganja. Juu ya kigae kuna vitundu, na vijiti na pinde zina vimisumari vya mbao vya kuingia humo. Mtoto anachomeka vipande, anapata herufi. Anapanga vigae, anapata neno. Seremala alinicheka sana mwanzoni. "Umri huu bado unachezea mbao?" akaniuliza. Jana nilimkuta wakati wa chakula amejenga jina la mke wake, na la mtoto, na sasa anadai vigae zaidi kwa sababu ameanza la mama mkwe.

Nakuletea michoro mingine. Nimeikuza, na wino ni mweusi kama masizi, usije ukaninyima maksi kwa sababu ya wino. Mawingu ya huko yameondoka? Huku ni jua tu.

Nakuombea afya. Baba anasema alipita kwako akakukuta umekaa mlangoni mchana kutwa, wala hukumwita mpaka aliposema neno. Ulikuwa umemkasirikia?

Chiriku


19 Mei

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Usishtushwe na mwandiko huu. Ni wa jirani yangu, fundi cherehani, anayeniandikia ninayomtamkia. Nimeumia kidole.

(Ananiambia niandike kidole gumba. Asubuhi kilikuwa cha shahada. Mimi naandika ninachoambiwa. – Fundi)

Baba yako sikumkasirikia. Mtu anayefika nyumbani kwa dada yake hupiga hodi; hasimami mlangoni kama nguzo akingoja kutambuliwa. Mwambie hivyo.

Nyundo imeshuka yenyewe kutoka paani, haikumjeruhi mtu. Tumeitundika ukutani hadi mwenyewe atakapoikumbuka.

Habari za seremala zimenifurahisha. Michoro mikubwa nimeipokea. Ni mikubwa.

Nina shughuli nyingi. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Shangazi yako

(Shughuli zenyewe sizioni, na ukuta wetu ni mmoja. Salamu nyingi. – Fundi)


8 Juni

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa kidole, chochote kilichoumia.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Nilitafuta ndani yake kosa langu hata moja ulilolisahihisha, sikulipata. Tangu nijue kushika kalamu hujawahi kuniachia ukurasa mzima hivi. Badala ya kufurahi, nimekosa raha.

Nitasema wazi, kama ulivyonilea. Kama herufi zangu ni mbaya, niambie kuwa ni mbaya. Nimekatwa maksi na wewe tangu utotoni na sijafa. Lakini "ni mikubwa" si maoni. Hilo hata mpita njia angelisema. Nikaanza kuwaza kwamba umeona aibu kwa niaba yangu, mtoto uliyemfundisha kusoma kwa ukali wote ule, leo anajenga midoli.

Labda kosa ni langu, nakuletea karatasi za kitu ambacho si cha karatasi. Kwa hiyo nakutumia sanduku lenyewe. Humo mna vigae vyote na vipande vyote, tayari vimepakwa rangi. Ni seti moja tu. Seremala hana mbao za namna ile tena, na mimi sina nyingine ya kuwapelekea waamuzi. Tafadhali virudi kabla Julai haijaisha. Vikipotea njiani, sina cha kusimama nacho mbele yao.

Sikuombi unisifu. Nakuomba uvishike tu.

Chiriku


10 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko ni wa jirani tena. Nimemwapisha aandike kila neno kama linavyotoka, asipunguze.

(Nimeapa. Kuongeza hakutajwa. – Fundi)

Vidole vyangu ni vizima vyote kumi. Sioni. Jicho la kulia lilianza kufifia mwaka jana, nikalilaumu dirisha. La kushoto likafuata, nikazilaumu taa, na mawingu, na wino wako. Daktari wa macho aliyepita hapa zahanati anasema ni mtoto wa jicho katika yote mawili, na dawa yake ni upasuaji. Nilimwambia nitafikiri. Nimekuwa nikifikiri mpaka nikashindwa kumtambua ndugu yangu mwenyewe amesimama mlangoni. Habari ya bibi yako na jicho lake unaijua, wala sitairudia hapa.

Michoro yako, ya kwanza na ya pili, sikuiona hata moja. Nilifungua bahasha nikapapasa karatasi tupu. Barua zako alinisomea jirani, alama kwa alama, lakini michoro haisomwi kwa sauti. Hukuniaibisha. Jambo hilo liandike mahali ukalisome kila unapoanza kuwaza upuuzi.

(Nimemaliza kushona kola mbili kabla hajaendelea. – Fundi)

Sasa sanduku. Siku ya kwanza nililiweka chini ya meza, maana lilinikasirisha. Siku ya pili nilifungua nikashika kigae kimoja. Nikapata kijiti kirefu, na pembeni yake upinde, nikasema: hii ni b. Jirani akasema, kweli ni b. Sikuwa nimesoma herufi tangu mvua zilipoanza. Nikashika nyingine, na nyingine. Tulikaa pale hadi chai ikapoa. Jirani anapanga neno kwa siri, mimi nalipapasa. Nilisoma "sindano". Nilisoma "nyundo". Nilisoma neno jingine ambalo jirani alilipanga kwa makusudi, na sitalitamka ili liandikwe.

(Lilikuwa neno zuri tu. – Fundi)

Kisha nikagundua kosa lako. Kigae chako ni mraba, hakina juu wala chini. Kikigeuka mkononi, n inakuwa u, na d inakuwa p. Mwenye macho atasema, tazama rangi, tazama mwenzake. Lakini mtoto anayeanza kusoma hajui bado kipi ni cha kutazamwa; yuko sawasawa na mimi. Atakigeuza, atasoma kisicho, ataambiwa amekosea, ilhali aliyekosea ni kigae. Nimewaona watoto wa namna hiyo miaka yote niliyofundisha. Waliitwa wavivu.

Kosa likionekana husahihishwa, halisubiri kikao. Nilichukua kisu cha jikoni nikachonga mfuo ukingoni mwa kila kigae, upande wa chini. Kidole gumba kikigusa mfuo, unajua umekishika wima. Jirani alipiga kelele kwamba naharibu mali ya mtu.

(Nilipiga kelele kwa sababu alikuwa ameshika kisu na haoni! – Fundi)

Alama hiyo ya mshangao ni ya kwake. Nadhani ameistahili.

Sanduku linarudi pamoja na barua hii. Baadhi ya mifuo imepinda, na kigae kimoja kimepasuka pembeni. Siombi radhi, nimekusahihisha kama ninavyosahihisha siku zote, safari hii kwa chombo kingine.

Maoni yako ya ukurasa mmoja sikupi. Usininung'unikie. Mimi nimezishika herufi zako, lakini watoto watazisoma kwa macho. Mwalimu anayetoa maksi kwa kazi ambayo hajaiona ni mwongo, hata akitoa kwa mapenzi.

Ahsante kwa kunitumia. Nilikuwa nimeanza kuzoea kutosoma. Ni mazoea mabaya.

Shangazi yako


16 Agosti

Kwa Shangazi wangu,

Shikamoo. Nimejaribu kuianza barua hii mara kadhaa. Nilianza kwa kukukaripia, nikakumbuka naandika kwa nani. Basi nitaanza kwa waamuzi.

Sanduku lilipofika, seremala alilifungua kabla yangu akashika kichwa. "Nani kavitafuna?" akauliza. Nikamwambia ni mwalimu wangu. Akachukua msasa avisawazishe, nikamzuia. Kisha nikamsomea sehemu ya kigae na mfuo. Alifumba macho, akakigeuza kigae mkononi mpaka dole gumba lilipoangukia penye mfuo. Akasema, "Aa. Mama huyu angekuwa fundi mbaya kwa mikono na mzuri kwa kichwa." Samahani, nakuletea kama yalivyosemwa.

Mbele ya waamuzi nilikuwa wa mwisho. Wenzangu walikuwa na mabango ya kupendeza yaliyoinuliwa juu ya vibao, na mmoja alikuwa na herufi zinazong'aa. Mimi nilimwaga vigae mezani. Mwamuzi mmoja, mama mnene mwenye miwani, akainua kimoja akauliza kwa nini kazi yangu imekwaruzwa. Nikamwambia avue miwani afumbe macho. Wenzake wakacheka. Akafanya. Nikampa vigae vinne vimechanganywa hovyo, akavipapasa, akavigeuza vyote vikasimama wima, akasoma "dudu". Akafumbua macho kuhakikisha. Akasema, "Tena." Basi ikawa fujo, kila mwamuzi anataka zamu yake, mzee mmoja anamshutumu mwenzake kwamba anachungulia. Nilikuwa nimeandaa hotuba, na sikupata nafasi ya kuitoa.

Waliniuliza wazo la mfuo nimelipata wapi. Nilisema limetoka kwa shangazi yangu, mwalimu aliyefundisha darasa la kwanza, ambaye kwa sasa haoni. Natumaini sikukukosea kwa kulisema. Nilishindwa kulificha, maana lilikuwa ndilo jibu lenyewe.

Wamezichagua herufi zangu, Shangazi. Lakini wameweka sharti moja. Maoni ya mwalimu yawafikie kabla ya mwisho wa Oktoba, la sivyo watamchukua aliye wa pili. Wamesema mwalimu yeyote mzoefu anafaa. Karibu na karakana kuna shule, na mwalimu wake mkuu yuko tayari kuniandikia hata kesho.

Sitakuficha kwamba nilikwenda hadi langoni kwake, kisha nikarudi. Nitangoja mpaka wiki ya mwisho, halafu nitakwenda tena. Sikuandikii haya ili kukusukuma. Jicho ni lako, na hofu ni yako, na habari ya bibi, aliyepasuliwa jicho likapofuka, naijua. Ninachotaka ujue ni hiki: hata maoni yakitoka kwa mwingine, mfuo ulio kwenye kila kigae ni wa kwako, na kiwandani watauchonga kama ulivyouchonga wewe. Nimewakataza wasiusogeze.

Ahsante. Nimeitafuta njia ndefu zaidi ya kulisema neno hilo, sikuipata.

Chiriku


9 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wangu. Umepindapinda kwa sababu natumia jicho moja. La pili zamu yake ni mwezi ujao.

Baba yako alinipeleka hospitali. Alipiga hodi. Njiani aliongea bila kupumua ili nisipate nafasi ya kubadili nia, na alipoishiwa na la kusema akanisomea mabango ya barabarani. Nilimwambia atamke maneno yote, asimeze silabi. Jirani alikuja pia, akanishika mkono mlangoni mwa chumba cha upasuaji akasema, "Mwalimu, ukitoka uje kuona nguo zangu, nimechoka kusifiwa na watu wanaoona vibaya." Daktari alinitaka nisicheke wakati wa kazi. Nilicheka kabla.

Sikuogopa kidogo. Niliogopa sana. Nimeandika hivyo ili sentensi iwe sahihi.

Walipofungua bandeji niliona kwanza kidevu cha muuguzi, kisha dirisha, kisha baba yako. Amezeeka bila kunipa taarifa. Nyumbani nilimwomba aniletee bahasha zako mbili. Nimeitazama michoro yako kwa siku kadhaa, kwa vipindi vifupi nilivyoruhusiwa. Jirani amenipangia vigae vyangu mwenyewe. Seremala wako alinitumia vya makombo ya mbao, mshukuru, na umwambie kwamba maneno yake kuhusu mikono yangu yalinifikia. Hiyo rangi ya manjano uliyovipaka inaumiza. Ningekuwa nimeiona Julai, ningekuambia Julai.

Maoni ya waamuzi nimeyaweka katika bahasha ya pili. Yasome kabla ya kuyapeleka, maana sipendi mtu apeleke asichokijua. Nayanakili hapa:

"Nimefundisha watoto kusoma katika maisha yangu yote ya kazi. Herufi hizi nimezijaribu kwanza kwa vidole, nikiwa sioni, kisha kwa jicho. Zinasomeka kwa vyote viwili. Herufi k imebanana na inahitaji kupanuliwa. Herufi r ni fupi kwa kichwa. Mengine yote yako sawa. Mtoto anayezijenga kwa mikono yake hatahitaji kuchapwa ili azikumbuke, na hilo peke yake lingetosha kunifanya nizikubali. Aliyezibuni ni mtoto wa ndugu yangu, nami ndiye niliyemfundisha kusoma. Kwa hiyo nimemkagua kwa ukali kuliko ambavyo ningemkagua mgeni. Amefaulu."

Rekebisha k na r kabla hujafurahi.

Kuna neno moja limebaki. Miaka yote nimelikata kwa wino mwekundu katika barua za watu, kwa sababu wanalitupa mwishoni kama mtu anayefunga mlango kwa kisigino. Nimelitazama vizuri kwa jicho langu jipya, nikaona kwamba hapa liko mahali pake, na silikati.

Nashukuru.

Shangazi yako